Friji Inazimika Alfajiri: Kuboresha Sola ya Gari la Kambi

Malalamiko huwa yaleyale. Gari ni Land Cruiser mkonga ya pikapu, nyuma limefungwa bodi yenye kitanda, jiko la gesi, friji na tangi la maji, na juu ya paa kuna paneli moja ya wati 100. Usiku wa kwanza kambini hakuna shida. Usiku wa pili, kuelekea saa kumi alfajiri, friji inajaribu kuwaka mara mbili tatu kisha inanyamaza, na kunapokucha nyama imeanza kulegea na maziwa yameganda vipande. Mwenye gari akirudi Arusha anakwenda moja kwa moja gereji: "Fundi, niongezee paneli nyingine." Fundi anaongeza; hakuna fundi anayekataa kazi. Safari inayofuata friji inazimika tena, ila sasa imengoja hadi usiku wa tatu.

Paneli hulaumiwa kwa sababu ndicho kitu cha sola kinachoonekana. Ipo juu, inang'aa, kila mtu anajua kazi yake. Lakini kabla umeme haujafika kwenye friji unapita kwenye kontrola inayosimamia chaji, kwenye betri, kwenye fyuzi, na kwenye mita kadhaa za waya zilizofichwa nyuma ya mbao, na katika magari mengi tatizo limelala huko. Kwa hiyo tutaifuata njia hiyo kinyumenyume, kuanzia kwenye friji hadi juu kwenye paa. Atakayeanzia juu atanunua vitu ambavyo hakuvihitaji.

Neno moja kuhusu gari lenyewe. Marekani kempa, yaani bodi ya kulala kambini, hupakiwa kwenye pikapu kama mzigo, na mwenyewe akitaka huishusha kwa jeki na kuendelea na shughuli zake. Huku kwetu bodi kwa kawaida hufungwa moja kwa moja kwenye chesisi na haitoki tena. Kwa umeme haibadilishi kitu: zote mbili huendeshwa kwa volti 12, na haya yaliyomo humu yanazihusu sawasawa.

Anayekula ni nani?

Friji ya kompresa ya lita 40 hadi 50 ndiyo mlaji mkuu. Kompresa ikizunguka hutumia kama ampea 4. Haizunguki saa zote. Mchana wa joto la Tarangire yaweza kuzunguka zaidi ya nusu ya muda, usiku wa baridi kwenye ukingo wa Ngorongoro hata robo haifiki. Tukichukua wastani wa karibu nusu, kwa saa 24 friji peke yake inakula ampea-saa 45, yaani ile hesabu iliyoandikwa Ah ubavuni mwa betri. Taa za LED kwa jioni nzima hazizidi 3. Feni ndogo ya kulalia, ampea moja kwa saa nane, ni 8. Simu tatu na betri za kamera ni 8 nyingine. Kompyuta mpakato kwa saa mbili, 10. Pampu ya maji inavuta ampea nyingi lakini kwa dakika chache, basi tuipe 1. Jumla ni ampea-saa 75 kwa siku, karibu wati-saa 950.

Upande wa mapato, paneli ya wati 100 yenye kontrola ya bei rahisi inaleta kama ampea-saa 25 siku ya jua zuri. Upungufu ni 50 kila siku. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo akiba halali ni 50. Siku ya kwanza inaisha hiyo akiba, usiku wa pili unakula kisichoruhusiwa, na alfajiri volti zimeporomoka. Ukiongeza paneli ya pili upungufu unabaki 25, na ndiyo maana friji ikafika usiku wa tatu. Hakuna uchawi hapo.

Kabla ya kutoa pesa, punguza mlo. Friji nyingi za kambi huzikwa ndani ya kabati lisilo na tundu la hewa, kompresa inajipulizia joto lake yenyewe na kuzunguka bila kupumzika. Tundu la ukubwa wa kiganja chini na jingine juu, upande wa kompresa, hupunguza matumizi zaidi ya watu wanavyodhani. Kisha kuna soda. Kreti ya soda za moto ikiingizwa kwenye friji saa saba mchana, kompresa itazunguka hadi jioni. Zipoze nyumbani kwa umeme wa TANESCO kabla ya kuondoka, mzigo huo ubaki kwenye luku badala ya kwenye betri.

Inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 kuwa 230 kama za nyumbani, ni mlaji mwingine, na huyu anakula hata asipofanya kazi. Inveta kubwa ikiachwa imewashwa bila kuchomekwa kitu huweza kutumia ampea nusu hadi moja, na kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 12 hadi 24, zaidi ya feni na taa kwa pamoja. Simu na kompyuta nyingi za sasa huchajiwa kwa USB moja kwa moja kutoka volti 12, basi usipandishe umeme hadi volti 230 ili adapta iushushe tena hadi 20. Na birika la umeme la wati 1,500 lisahau kabisa. Kwa volti 12, baada ya hasara ya inveta, linavuta karibu ampea 140. Una jiko la gesi. Chemshia chai hapo.

Waya ambao hakuna anayeutazama

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kwenye paa.

Waya mwembamba hula volti. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule ambao watu huutumia kwa taa za nyumbani, ukatoka kwenye betri hadi kwenye friji umbali wa mita 6 na kurudi mita 6. Ukinzani wake ni omu 0.14 hivi. Kompresa ikivuta ampea 5 volti 0.7 zinapotelea njiani. Betri iliyo na volti 12.1, ambayo bado ina chaji ya kutosha kumaliza usiku, inaonekana na friji kama volti 11.4. Friji nyingi za kambi zina ulinzi wa betri wenye ngazi tatu, chini, kati na juu, na dukani mara nyingi hutoka zikiwa kwenye ngazi ya juu ili zisimalize betri ya kuwashia gari. Friji ikiona 11.4 inaamua betri imekwisha na kujizima. Mwenye gari anaamka, anapima betri, anakuta ipo, anachanganyikiwa.

Badilisha waya huo uwe wa milimita za mraba 6 na hasara inashuka hadi volti 0.18. Halafu, kama betri ya kambi imetengwa na ya kuwashia gari, shusha ulinzi wa friji uwe ngazi ya chini. Kazi ya asubuhi moja, na kwa magari fulani dawa nzima inaishia hapo.

Kipimo chake ni rahisi. Subiri kompresa izunguke, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha pima kwenye soketi ya friji. Tofauti ikizidi 0.3, tatizo lipo kati ya hapo na hapo. Mara nyingi si waya peke yake. Mafundi wengi wana mazoea ya kurudisha hasi kwenye bodi ya gari kwa boliti iliyokazwa juu ya rangi. Baada ya masika mbili kutu inaingia na kila kifaa kinakuwa dhaifu bila sababu inayoeleweka. Vuta waya wa hasi hadi kwenye betri yenyewe. Soketi ya kiberiti cha sigara nayo haikuumbwa kwa barabara zetu. Ukitoka geti la Loduare la Ngorongoro kuelekea Naabi, geti la Serengeti, mawimbi ya barabara yanatikisa kila kitu kwa saa kadhaa, plagi inacheza, inapata moto, inayeyuka. Weka plagi inayojifunga.

Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwenye kila waya chanya unaotoka. Watu hudhani fyuzi inalinda friji. Inalinda waya, yaani inalinda gari lisiungue, kwa sababu waya uliosuguliwa na bati ukapiga shoti kabla ya kufika kwenye fyuzi hauna cha kuuzuia. Kwa betri ya lithiamu jambo hili ni zito zaidi, maana ikipigwa shoti humwaga umeme mwingi mno kwa kufumba na kufumbua.

Betri, na sababu halisi ya kuhamia lithiamu

Wauzaji huisifu lithiamu kwa wepesi wake na ni kweli: betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 11 hadi 13, wakati ya asidi ya ukubwa huohuo inakaribia 30. Huisifu pia kwa sababu unaweza kuitumia karibu yote, badala ya nusu. Nayo ni kweli. Lakini kwa gari la kambi sababu kubwa ni nyingine, na haisemwi sana.

Betri ya asidi, iwe ya maji au AGM (ile iliyofungwa, isiyoongezwa maji), hupokea chaji kwa pupa mwanzoni kisha hugoma. Ikifika kama asilimia 80, kiasi inachokubali kinapungua saa hadi saa, na hiyo asilimia 20 ya mwisho huhitaji saa nne au tano za volti za juu zisizokatika. Jua halikupi muda huo. Asubuhi paneli inalipa deni la usiku, mchana friji inavuta, na kufika saa kumi jioni jua limelala wakati betri ipo asilimia 85. Kesho hivyohivyo. Betri ya asidi isiyojazwa hadi juu huota salfeti kwenye sahani zake na kupoteza uwezo kidogokidogo. Ile ya ampea-saa 100 uliyonunua inakuwa kama ya 60 kabla ya mwaka kuisha, na lawama zinakwenda kwa paneli. Lithiamu haijali kujazwa. Ikae asilimia 60 wiki nzima haitaumia, na inapokea chaji kwa kasi ileile karibu hadi mwisho.

Lithiamu inayotakiwa hapa ni ya fosfeti ya chuma, LiFePO4, si ile ya kwenye simu. Kemia yake ilitangazwa mwaka 1997 na kundi la John Goodenough wa Chuo Kikuu cha Texas, ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kwenye betri za lithiamu. Ni tulivu kuliko ndugu zake inapopata joto, na hudumu mizunguko elfu kadhaa badala ya mia kadhaa.

Huko Marekani na Ulaya mijadala ya betri hizi imejaa habari za baridi, kwa kuwa hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, na watu hununua zenye kipasha joto ndani. Sisi tusipoteze pesa huko. Adui yetu ni joto. Betri nyingi hukataa kuchajiwa zikipita nyuzi 45 au 50, na chini ya boneti ya dizeli, au ndani ya sanduku jeusi lililofungwa nyuma ya kebini huko Ziwa Natron, kiwango hicho si mbali. Iweke ndani ya bodi, chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana.

Kuna mambo mawili yanayowakamata watu baada ya kubadilisha. La kwanza, volti za lithiamu hazisemi chochote. Betri ya asidi ikipumzika, 12.7 ni imejaa na 12.2 ni nusu, kila dereva anajua. Lithiamu hukaa 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya safari yake na kisha huanguka ghafla. Taa tatu za kijani ulizokuwa nazo ukutani sasa ni pambo. Unahitaji shanti, kipimo kinachofungwa kwenye waya wa hasi na kuhesabu kila ampea inayoingia na kutoka. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, nunua shanti hata kabla ya betri. Itakuambia ukweli kuhusu matumizi yako na huenda ukagundua hesabu ya 75 kwako ni 50, au ni 110.

La pili ni bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, BMS. Hii hukata umeme kabisa ikiona volti zimezidi, zimeshuka mno, au ampea zimevuka kiwango chake. Betri yenye bodi ya ampea 100 haitaendesha inveta ya wati 2,000, kwa sababu inveta hiyo ikifanya kazi kamili inavuta zaidi ya ampea 180. Na chaja yoyote iliyobaki kutoka enzi za asidi, ikiwa na ile hatua ya kusawazisha inayopanda kupita volti 15, itaifanya bodi ijikate. Pitia kila kinachochaji: kontrola ya sola, chaja ya altaneta (jenereta inayozungushwa na injini), chaja ya ukutani unayoichomeka hotelini. Vyote viwekwe kwenye mpangilio wa lithiamu, kilele kama volti 14.2 hadi 14.4. Kisichokuwa na mpangilio huo kitoke.

Usiiunganishe lithiamu sambamba na ile AGM ya zamani ili "isipotee." Zina tabia tofauti na moja itamnyonya mwenzake. Iuze, au iwekee taa za banda la kuku.

Dizeli pia ni chaja

Gari la safari halikai. Linatoka Mto wa Mbu asubuhi, linafika Seronera alasiri, kesho linazunguka saa tano kutafuta chui. Saa zote hizo altaneta inafanya kazi, na mfumo mzuri wa kuchukua umeme wake unaweza kuleta zaidi ya paneli tatu. Ajabu ni kwamba magari mengi yana rilei, yaani swichi ya umeme, ya bei rahisi inayounganisha betri mbili kwa waya wa milimita za mraba 6, mita tano kwenda na tano kurudi. Kwa ampea 30 waya huo unakula karibu volti 0.9. Altaneta inatoa 14, betri ya nyuma inaonja 13.1. Betri ya asidi haitajaa hivyo hata ukiendesha hadi Mwanza.

Ukiweka lithiamu kwenye rilei hiyohiyo mambo yanageuka. Lithiamu haina ukinzani wa ndani wa kuitosha kujizuia. Ikiwa tupu huvuta chochote altaneta inachoweza kutoa, na altaneta iliyotengenezwa kwa kazi ya vipindi hupata moto hadi kuungua. Hatari zaidi ni pale gari linaposimama na injini inanguruma polepole, feni ya altaneta haizunguki vya kutosha. Na BMS ikijikata ghafla katikati ya chaji, volti huruka juu na huweza kuua diodi za altaneta.

Suluhisho ni chaja ya DC kwa DC, kisanduku kinachochukua umeme wa altaneta, kinaupandisha hadi volti sahihi na kujiwekea kikomo, kwa kawaida ampea 20, 30 au 40. Ya 30 kwa waya wa milimita za mraba 16, gari likitembea saa mbili na nusu, inarudisha ampea-saa 75, yaani mlo wote wa siku kutoka kwenye hesabu yetu. Kwa gari linalotembea kila siku, kama ningelazimika kuchagua kati ya chaja hii na paneli mpya, ningechukua chaja bila kusita. Paneli ina maana kwa anayepaki siku tatu sehemu moja: mtafiti, mpiga picha anayemngoja duma azae, familia iliyokwenda Pangani na haitaki kuondoka ufukweni. Mabasi na malori mengi ni ya volti 24. Hayo yanahitaji chaja ya kushusha, si ya kupandisha.

Sasa twende juu

Kwanza, je, paneli unayouziwa ni ya wati zilizoandikwa? Pale Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utakuta paneli ndogo zenye stika ya wati 300. Chukua futi. Paneli nzuri za siku hizi hutoa kama wati 200 hadi 220 kwa kila mita ya mraba. Yenye urefu wa mita 1.2 na upana wa nusu mita ina mita za mraba 0.6; ikizidi sana wati 130, stika inadanganya. Kwa betri za lithiamu futi haisaidii, mizani inasaidia: ampea-saa 100 kwenye boksi la kilo 6 hazipo.

Mahali tulipo duniani panatupa zawadi ambayo wenzetu wa kaskazini hawana. Paneli iliyolala bapa juu ya paa, Ujerumani wakati wa baridi, haipati karibu chochote, ndiyo maana huko watu hujenga fremu za kuinua paneli. Arusha ipo nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta. Hata mwezi Juni, jua likiwa limekwenda mbali kabisa kaskazini, adhuhuri linapiga paa kwa pembe inayokupotezea kama asilimia 11 tu. Usinunue fremu ya kuinamisha. Ni uzito na kelele, na korongo la kwanza litaipinda.

Joto ndilo linalotuibia. Wati zilizoandikwa zilipimwa seli zikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza kama asilimia 0.3 hadi 0.4. Seli zikifika nyuzi 65, jambo la kawaida mchana, zaidi ya sehemu ya kumi imekwenda. Paneli laini za kubandika zinapendeza, lakini zikigundishwa moja kwa moja kwenye bati zinajichoma na kuzeeka haraka. Ya kioo, iliyoinuliwa sentimita tatu nne ili upepo upite chini, ndiyo ninayoiamini, ingawa ni nzito.

Kivuli kinaiba zaidi ya joto. Seli ndani ya paneli zimeunganishwa kwa mfuatano, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji. Mmoja akisinzia ndoo zote zinangoja. Kivuli cha dumu la mafuta au tairi la akiba, chenye upana wa kiganja, huweza kuondoa theluthi ya paneli au hata zaidi, kulingana na diodi zilizowekwa ndani. Panga paa lako kwa kuangalia vivuli vya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, siyo vya adhuhuri. Kambini swali hilo linarudi kwa sura nyingine: kila mtu anataka kupaki chini ya mgunga ili alale vizuri mchana, na paneli inataka kinyume. Paneli ya kukunja yenye waya wa mita kumi inamaliza ugomvi huo. Usiku iingize ndani. Fisi hujaribu kutafuna vitu vingi, na mchana nyani hawangoji ugeuke.

Kontrola ndiyo kiungo kati ya paa na betri. Ya PWM, ile ya bei rahisi, huiburuta paneli hadi kwenye volti za betri. Paneli ya wati 100 ina nguvu yake kwenye volti 18 na ampea 5.5, ikilazimishwa kukaa 12.8 inatoa wati 70 tu. MPPT huiacha paneli kwenye volti zake na kubadilisha zilizozidi kuwa ampea. Kwa paneli ndogo moja tofauti hiyo hailipi gharama. Kwa wati 200 na kuendelea inalipa, na kwa paneli za nyumba, zile kubwa za volti 30 na zaidi ambazo kwa kila wati ni rahisi kuliko za kambi, MPPT ni lazima.

Namba mbili zilizoandikwa kwenye MPPT, mathalani 100/30, zisomwe vizuri. Ya pili ni ampea inazoweza kupeleka kwenye betri. Ukizidisha wati za paneli kuliko hapo, haiharibiki, inajizuia tu. Ya kwanza ni volti za juu kabisa kutoka kwenye paneli, na hiyo haisamehi. Paneli mbili za nyumba zenye volti 49 kila moja zikiwa hazijaunganishwa na mzigo wowote, zikifungwa kwa mfuatano, ni 98. Fundi anaona zipo chini ya 100, anafunga. Lakini volti za paneli hupanda baridi inapoongezeka. Alfajiri kwenye kambi ya Simba, juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro kwenye urefu wa mita 2,300 hivi, nyuzi zikiwa 5, jua la kwanza likigonga paneli hizo volti zinapita 103, na kontrola imekufa kabla ya chai. Acha nafasi ya asilimia 15 hadi 20.

Na ukiongeza paneli mpya kando ya ile ya zamani? Kwa mfuatano, yenye ampea ndogo inaibana kubwa. Kwa sambamba, ni sawa ikiwa volti zao zinakaribiana, mbaya kama moja ni ya 18 na nyingine ya 33. Njia safi ni kila moja iwe na kontrola yake, zote zikiishia kwenye betri ileile. Kontrola mbili hazigombani. Kila moja inaona betri na kufanya kazi yake. Zile paneli ndogo mbili tatu zinazofanana, kwenye paa lenye vivuli, mimi hupendelea sambamba, na zikifika tatu kila moja iwe na fyuzi yake.

Kwa gari letu la mfano, lenye mlo wa 75: lithiamu moja ya ampea-saa 100, shanti, chaja ya DC kwa DC ya 30, wati 300 juu ya paa na MPPT, waya wa friji wa milimita za mraba 6. Wati hizo, kwa saa tano za jua kamili na baada ya joto, vumbi na hasara, zinaleta karibu ampea-saa 85. Masika mawingu yatakata mapato hayo hadi theluthi, na siku hizo utawasha injini au utaendesha. Wapo watakaokuambia uweke 400. Unaweza, ila kila kilo juu ya mkonga inalipwa na springi za nyuma.

Kazi ikikamilika usiondoke siku hiyohiyo. Funika paneli kwa turubai, jaza friji kama unavyoijaza safarini, iache siku nzima na usiku mzima uani, kisha soma shanti asubuhi. Ikionyesha umetumia karibu 50, friji ipo sawa. Ikionyesha 70 na hakuna aliyechaji simu, nenda kaangalie kama inveta imezimwa.